Suala la Mfasiri katika Fasihi Simulizi ya Kipashto

Historia ya ngano, methali na nyimbo za Kipashto katika Kiingereza aghalabu husimuliwa kwa kutaja wafasiri. Linalosahauliwa ni namna wafasiri hao walivyopatikana, na kwa haja ya nani. Makala haya yanashikilia kwamba haja hiyo ndiyo iliyoamua ni sauti zipi za Wapashtuni zivuke na zipi zibaki nyuma.

Uingereza ilipoitwaa Peshawar mwaka 1849, maafisa wake walilazimika kujifunza lugha ya mpakani. Mwanajeshi H. G. Raverty alichapisha sarufi mwaka 1855, kamusi mwaka 1860, na mwaka 1862 mkusanyo wa tafsiri za mashairi ya watunzi wa maandishi, akiwemo Khushal Khan Khattak. Mwaka 1872 mmishonari T. P. Hughes alitayarisha *Kalid-i-Afghani*, kitabu cha mtihani wa Kipashto; T. C. Plowden alikifasiri mwaka 1875. Mwaka uliofuata S. S. Thorburn, mtawala katika wilaya ya Bannu, alitia ngano na methali katika kitabu chake kuhusu wilaya hiyo. Wafasiri hawa hawakutafutwa kwa ajili ya fasihi. Walikuwa tayari katika ajira. Msomaji wao alikuwa mtahiniwa au mtawala, naye alitaka maana, si mahadhi.

Mwelekeo tofauti ulianzishwa na Mfaransa James Darmesteter. Alifika huko mwaka 1886, akanakili nyimbo kutoka vinywani mwa waimbaji wa Peshawar na Abbottabad, na kuzichapisha Paris kati ya 1888 na 1890. Kwake fanani ndiye aliyekuwa chimbuko la matini. Hata hivyo, lugha lengwa ilikuwa Kifaransa.

Jambo hilo lilijirudia katika landay, utungo wa mishororo miwili wenye mizani 9 na 13, ambao hutungwa sana na wanawake wasiojulikana. Mwanazuoni Mwafghani Sayd Bahodine Majrouh alizikusanya kabla ya kuuawa Peshawar mwaka 1988. Mkusanyo wake, ulioandaliwa kwa Kifaransa pamoja na André Velter, uliingia katika Kiingereza mwaka 2003 kwa kalamu ya Marjolijn de Jager, aliyefasiri kutoka Kifaransa. Hivyo msomaji alitenganishwa na mwimbaji kwa lugha mbili. Mwaka 2014 Eliza Griswold, mshairi wa Marekani, alitoa mkusanyo mwingine. Yeye alitegemea wasemaji wa Kipashto waliomfasiria kwanza neno kwa neno.

Ni dhahiri basi kwamba anayeitwa mfasiri mara nyingi si mtu mmoja. Yuko anayejua lahaja na mzaha wake, na yuko anayeimudu Kiingereza cha kishairi. Kumpata mmoja mwenye sifa zote mbili ni nadra. Lakini kuna kimya cha aina mbili hapa, navyo visichanganywe. Mwanamke anayemkejeli mumewe au kumwita mpenzi katika landay hujificha nyuma ya utungo usio na mwenyewe, na kutotajwa huko ndiko kinga yake. Mkalimani hana kinga ya namna hiyo katika mapokeo. Jina lake likikosekana jaladani, hilo ni zao la desturi ya uchapishaji. Mhakiki anayeheshimu fasihi hii hana budi kulinda kimya cha kwanza na kukivunja cha pili, iwapo mkalimani mwenyewe ameridhia.