Nyumba inaposafiri

Nilipokuwa darasa la sita niliandika insha kuhusu kwetu Vanga. Nikasema baba ana nyumba mbili, moja ya makuti na ya pili ni dau. Mwalimu akapitisha wino mwekundu: "Chombo si nyumba." Nikanyamaza, ila sikuridhika.

Historia ya pwani hii imejaa watu walioishi vyomboni. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait hadi Unguja na delta ya Rufiji mnamo 1938 na 1939, aliwaona mabaharia na abiria wakipika, wakiswali na kulala pale pale sitahani, miezi nenda miezi rudi. Choo? Kijisanduku kilichoning'inia nje, upande wa tezi. Kwetu Vanga wavuvi wa Pemba huja kwa misimu. Kuna wanaopiga dago ufuoni, na kuna ambao chombo ndicho jiko na ndicho kitanda.

Ukinitaka mchezo unaoeleza maisha ya kuishi ndani ya chombo cha safari, sitakutajia wa kompyuta. Nitakutajia bao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana shimo moja liitwalo nyumba, ambalo huanza na kete 6. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imekwisha. Lakini wakati wa kunamua, ukila kisha kete ya mwisho ikatua nyumbani, una hiari. Ulale hapo, au usafiri, yaani uzoe kete zote za nyumba uzitawanye mbele. Ukisafiri, nyumba imevunjika. Shimo lile hata likijaa tena, ni shimo tu.

Sisemi bao lilibuniwa na mabaharia; huchezwa hata Malawi, mbali na bahari. Lakini hebu sikiliza maneno yenyewe: nyumba, kulala, kusafiri. Kwa mcheza bao, nyumba si kuta. Ni akiba unayoweza kuilalia au kuondoka nayo, na kuondoka kuna gharama. Mwalimu wangu, nadhani, hakuwa mcheza bao.

Baba alikuwa akisafiri kila alipopata nafasi, hata pale ambapo kulala kungemfaa zaidi. Ami yangu alimcheka sana chini ya mkungu. Kisha dau likauzwa. Tangu hapo kete ikitua nyumbani, ami humchokoza, "Haya, safiri basi!"

Baba hujibu, "Nalala."