Jenny Lind, Mwimbaji Aliyeliacha Jukwaa

Katika makanisa yetu wako watu waliojaliwa sauti njema kupita wenzao. Mtu wa namna hiyo asimamapo kuimba, hata watoto hunyamaza. Lakini karama hiyo ina maswali yake. Je, sauti ni mali ya nani? Nayo itumiwe kwa kazi gani? Leo nataka kuwasimulia habari za mwanamke mmoja wa Ulaya aliyejiuliza maswali hayo, naye akayajibu kwa tendo lililowashangaza wengi.

Jenny Lind alizaliwa mjini Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, tarehe 6 Oktoba 1820. Mama yake alikuwa mwalimu. Wazazi wake hawakuwa wameoana, wala hawakuoana mpaka Jenny alipokuwa msichana mkubwa. Basi utoto wake haukuwa wa raha, na kwa muda mrefu alilelewa mikononi mwa watu wengine. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi alizoea kuketi dirishani akimwimbia paka wake. Siku moja mtumishi wa mwanamke aliyecheza ngoma katika jumba la kifalme la michezo alipita njiani, akamsikia, akaenda kumwambia bibi yake. Yule bibi akaomba aletwe, akamsikiliza, akastaajabu. Na baadaye mtoto akatiwa katika shule ya jumba lile, afundishwe kuimba na kuigiza.

Hapa yafaa nieleze opera ni kitu gani. Ni mchezo ambao watu wake hawasemezani kwa maneno matupu, bali huimbiana, huku ala nyingi zikipigwa pamoja. Siku zile hapakuwa na vipaza sauti. Mwimbaji ilimpasa kulijaza jumba zima kwa pumzi yake mwenyewe.

Tarehe 7 Machi 1838 Jenny aliimba kwa mara ya kwanza sehemu kubwa katika opera, nayo ni ile iitwayo Der Freischütz, iliyotungwa na Mjerumani Weber. Tangu siku ile akajulikana. Lakini sifa zilileta kazi nyingi, na kazi nyingi zikaleta madhara. Aliimba pasipo kupumzika, wala hakuijua njia iliyo bora ya kulitumia koo, hata mwaka wa 1841 sauti yake ilikuwa imechoka na kuharibika. Akasafiri mpaka Paris kwa mwalimu mashuhuri, Manuel Garcia. Huyo hakuanza kwa kumfundisha, bali alimwamuru anyamaze kwanza, asiimbe kabisa kwa majuma kadha. Fikirini basi: msichana wa miaka 20, aliyekwisha kushangiliwa na mji mzima wa kwao, sasa yu ugenini, ameambiwa afumbe kinywa. Alitii. Kisha akaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, akijifunza kuvuta pumzi na kutoa sauti moja moja. Mwaka wa 1842 akarudi kwao, na sauti imepona, tena ni nzuri kupita ile ya kwanza. Heri kukawia ukafika.

Tangu hapo milango ya Ulaya ilimfungukia. Mwaka wa 1844 aliimba Berlin. Alipata urafiki na Mendelssohn, mtunzi mkuu wa Ujerumani. Tarehe 4 Mei 1847 aliimba London mbele ya Malkia Victoria, na watu walisongamana milangoni hata nguo zikararuka. Walimpa jina la ndege mmoja wa Ulaya aimbaye usiku kwa sauti tamu, wakamwita ndege huyo wa Uswidi.

Lakini moyo wake haukutulia. Tarehe 10 Mei 1849, akiwa na miaka 28 tu, aliimba opera kwa mara ya mwisho, akaliacha jukwaa, asirudi tena. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: uchovu, hamu ya kuwa na nyumba yake mwenyewe, na imani. Husimuliwa kwamba miaka mingi baadaye rafiki alimkuta ameketi pwani, na Biblia magotini, akilitazama jua likichwa. Akamwuliza kwa nini aliacha. Akajibu kwamba kila siku ya kazi ile ilimpunguzia kukifikiri kitabu kile, na jua lile hakulifikiri kabisa.

Wala msidhani kwamba alichukia kuimba. Aliacha michezo, hakuacha nyimbo. Mendelssohn alikuwa amefariki mwaka wa 1847. Mwishoni mwa mwaka wa 1848 Jenny aliimba London katika utungo wake juu ya nabii Eliya, na fedha zilizopatikana, yapata pauni 1,000, zikawekwa ziwasomeshe vijana watunzi kwa jina la marehemu. Kijana wa kwanza kuzipata, mwaka wa 1856, alikuwa Arthur Sullivan, ambaye baadaye alisifika sana Uingereza.

Mwaka wa 1850 alikwenda Marekani kwa mapatano na P. T. Barnum, mfanya biashara ya maonyesho, mtu hodari wa kutangaza. Kila usiku Jenny alilipwa dola 1,000 au zaidi. Tiketi ya kwanza ya New York iliuzwa kwa mnada, ikafika dola 225. Mtu aweza kuuliza: aliyekimbia kelele za jukwaa, mbona alijitia katika kelele za mnada? Swali hilo ni la haki. Lakini alikuwa na nia: alitaka fedha za shule za watoto maskini wa Uswidi, na fedha nyingi alizozipata alizitoa sadaka, huko huko Marekani na kwao. Tena kelele zile zilimchosha yeye mwenyewe, na mwaka wa 1851 akaachana na Barnum.

Mwaka wa 1852 aliolewa na Otto Goldschmidt, mpiga piano wake, wakapata watoto watatu, wakakaa Uingereza. Mumewe alipoanza kuongoza kwaya ya Bach ya London, mwaka wa 1875, Jenny aliyeimba mbele ya wafalme aliketi kuwafundisha wanawake wa kwaya ile. Tangu mwaka wa 1883 alifundisha katika chuo cha kifalme cha muziki. Alifariki tarehe 2 Novemba 1887.

Sauti yake haikuhifadhiwa mahali po pote. Hapana mtu aliye hai aliyeisikia. Lakini kwaya aliyoifundisha ingaliimba, na fedha zile za Mendelssohn zingali zikiwasaidia vijana. Mwimbaji wa kanisani, sauti yako nayo itakwisha. Mfundishe mtoto mmoja.