Vyeo Huhama, Daraja Hubaki: Tarehe ya Urasimu wa China

Anayeifuata historia ya serikali ya China kwa majina ya vyeo peke yake atapotea njia mapema, kwa kuwa majina hayo yalihama kutoka kazi moja hadi nyingine. Kilichoonyesha nafasi ya mtu ni daraja lake. Mwaka 106 KK, Mfalme Wu wa ukoo wa Han aliteua wakaguzi walioitwa cishi kuwachunguza maliwali. Enzi hizo madaraja yalitajwa kwa shi, kipimo cha nafaka: liwali alikuwa wa shi 2,000, mkaguzi wake wa shi 600 tu. Mwaka 8 KK wakubwa wa serikali walilalamika kwamba haifai mdogo kumsimamia mkubwa, na wakaguzi wakapandishwa hadi shi 2,000. Mpango ule ulitenguliwa na kurudishwa zaidi ya mara moja, lakini kufikia enzi za Tang cishi hakuwa mkaguzi tena, bali mtawala wa eneo. Jina ni lile lile. Mtu ni mwingine kabisa.

Mwaka 220 BK afisa Chen Qun aliasisi mfumo wa madaraja tisa. Baadaye kila daraja likagawanywa la juu na la chini, yakawa 18, nao mgawanyo huo ukadumu hadi ufalme ulipoanguka mwaka 1912. Chini ya ukoo wa Qing, mkuu wa wilaya, zhixian, alikuwa daraja la saba la juu. Afisa wa kiraia wa daraja la kwanza alitariziwa korongo kifuani, akajulikana kabla hajafungua kinywa.

Kuna atakayepinga: baada ya uwaziri mkuu kufutwa mwaka 1380, wanazuoni wa ikulu ya Ming, daxueshi, walikuwa daraja la tano tu, na hatimaye wakawa na sauti kuliko mawaziri. Ni kweli. Lakini tangu miaka ya 1420 ikulu yenyewe iliwaongezea uwaziri na heshima za madaraja ya juu, kwa kuwa nguvu isiyo na daraja haikuvumilika. Pingamizi hilo linaithibitisha hoja.

Wala mapinduzi hayakuufuta utaratibu huu wa madaraja. Sheria ya watumishi wa umma ya leo ina ngazi kumi za uongozi: tano, kila moja ya mkuu na ya naibu. Meya wa Shanghai na meya wa mji wa ngazi ya wilaya wote huitwa shizhang, ilhali wa kwanza yuko sawa na waziri. Atakayetaka kujua nani anamwamuru nani aulize daraja kwanza, cheo baadaye.