Sufuria ya fonte: kuitafuta, kuitambua na kuitunza huku Ubundu

Ubundu ni mji wa watu wanaongoja. Maporomoko saba ya Boyoma yanafunga njia ya mashua kati ya hapa na Kisangani. Ndiyo sababu wakoloni walijenga reli ya kilometa 125, iliyofunguliwa mwaka 1906, wakati Ubundu ilikuwa bado inaitwa Ponthierville. Treni inaishia hapa. Anayeendelea Kindu anapanda mashua kwa karibu kilometa 300 za mto. Kati ya treni na mashua mtu anaweza kulala siku nyingi, na kila jioni anapika nje.

Kwa mpishi wa namna hiyo, sufuria nzito ya fonte yenye miguu mitatu ni mali. Haihitaji mafiga, kuni zinaingia chini yake moja kwa moja, na sombe inaendelea kuchemka hata moto ukipungua. Shida ni moja: kuipata. Sufuria nyingi zinazoitwa "chuma" sokoni si chuma hata kidogo.

Fonte ni kitu gani?

Fonte ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa ndani ya umbo la mchanga. Wengine wanaita sufuria yake marmiti, wengine nzungu ya chuma. Mwingereza Abraham Darby alipata hati ya kumimina vyungu vya chuma kwa mchanga mwaka 1707, na tangu hapo viwanda vya Ulaya vilivitengeneza kwa wingi. Mji wa Falkirk, huko Uskochi, jina lake lilifika hadi Afrika ya kusini juu ya sufuria za miguu mitatu.

Wahunzi wa Tshopo walijua chuma zamani sana kabla ya reli. Walifua visu, majembe, na hata liganda, ule mkuki mkubwa uliotumika kama feza. Lakini tanuru lao lilitoa chuma cha kupondwa kwa nyundo, si cha kumiminwa kama maji. Kwa hiyo chakula kilipikwa katika chungu cha udongo, na sufuria ya fonte ilikuwa kitu cha kutoka mbali.

Kwa nini haitengenezwi hapa?

Wafondeaji wa mijini wana ufundi mkubwa. Wanakusanya pistoni, vipande vya motere na makopo, wanayeyusha kwa makala, kisha wanamimina katika mchanga. Lakini ile ni aluminiamu. Aluminiamu inayeyuka kwenye digrii 660. Fonte inataka kupita digrii 1,150, pamoja na tanuru refu na upepo wa nguvu. Fundi wa makala na feni ndogo hafiki hapo kirahisi.

Basi sufuria nene ya kufondewa inayouzwa pembeni ya barabara karibu siku zote ni aluminiamu. Si lazima muuzaji awe mwongo. Watu wengi wanaita kila kitu kizito "chuma".

Kuitambua mbele ya kulipa

1. Sumaku. Baflo ya radio iliyokufa ina sumaku nyuma yake. Ikishika, kuko chuma. Isiposhika, ni aluminiamu, hata muuzaji aape namna gani.

2. Unene. Sumaku peke yake haitoshi, juu sufuria ya emaye pia inashika. Ile ni bati jembamba lililopakwa rangi ya kung'aa. Fonte ina ukuta mnene, na uso wake una chembechembe kama mchanga.

3. Uzito. Kwa ukubwa ule ule, fonte ina uzito zaidi ya mara mbili na nusu ya aluminiamu. Sufuria ya watu sita inayoinuliwa kwa vidole viwili si fonte.

4. Mlio. Iinue kwa mshikio na uigonge polepole kwa kijiti. Nzima inalia kama kengele. Yenye ufa inatoa sauti iliyokufa. Fonte yenye ufa kuichomelea ni kazi ngumu, na wachomeleaji wengi hawaiwezi. Usiinunue.

5. Maji. Jaza maji, ngoja nusu saa, angalia chini na kwenye shina la kila mguu.

Kutu isimtishe mnunuzi. Kutu ya juu inatoka; ufa hautoki.

Mahali pa kuuliza

Duka la vyombo vipya si mahali pa kwanza. Sufuria ya fonte inaishi miaka mingi kuliko aliyeinunua, kwa hiyo inatafutwa mahali pa vitu vya zamani: jikoni kwa wazee, familia zilizofanya kazi ya reli na mashua, na kwa wanaonunua feraye kwa kilo. Kwa hao wa mwisho kuko haraka: kikisha kupondwa, kimekwisha. Mwenye sufuria kama hii nyumbani ajue kwamba bei ya kilo si bei ya chombo.

Anayeagiza kutoka Kisangani aeleze kwa vipimo: upana wa mdomo, miguu au bila miguu, kifuniko kiko au hakiko. Amwombe mtu wake apitishe sumaku. Reli ya Ubundu inaanzia ng'ambo ya kushoto, Lubunga, kwa hiyo mzigo unavuka mto kwanza kwa mtumbwi. Juu ya kinga au toleka, sufuria ifungwe ndani ya gunia, kifuniko pembeni, maana fonte ikianguka juu ya jiwe inapasuka kama chungu cha udongo.

Kuiamsha na kuitunza

Sugua kutu kwa mchanga laini na majivu. Osha, kausha juu ya moto. Ikiwa bado ya moto, paka mafuta kidogo sana kwa kitambaa, ndani na nje, halafu uiache motoni mpaka moshi uishe. Rudia mara tatu au ine. Inakuwa nyeusi, na chakula hakishiki tena.

Kisha kuna makatazo mawili. Usimwage maji ya baridi ndani ya sufuria inayowaka, itapasuka. Usilaze ndani yake chakula cha nyanya au ndimu. Kitakula ule weusi.

Je, inasaidia damu?

Ndiyo, kwa kiasi. Utafiti uliofanyika Ethiopia na kutolewa mwaka 1999 katika jarida la Lancet ulifuata watoto wa miaka 2 hadi 5 kwa miezi 12. Waliopikiwa katika vyungu vya chuma walipungukiwa damu kidogo kuliko wenzao wa sufuria za aluminiamu, na walikua vizuri zaidi. Chuma kidogo kinaingia katika chakula, zaidi kikiwa na uchachu.

Upande mwingine, utafiti wa Kameruni uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba sufuria zilizofondewa kutoka mabaki ya aluminiamu zinaweza kutoa risasi, madini yanayodhuru akili ya mtoto. Jicho haliwezi kuiona.

Lakini sufuria si dawa. Huku kwetu damu inapungua sana kwa malaria na minyoo. Mtoto mwenye viganja vyeupe apelekwe kituo cha afya leo, si kesho. Sufuria itangoja, ni fonte, imezoea.