Pumzi na Presha ni Majirani wa Siku Nyingi

Ndugu msikilizaji, ukienda zahanati kupimwa presha, muuguzi mzoefu hakimbilii mashine. Kwanza hukuambia, "Kaa, pumzika, pumua taratibu." Wengi wetu hudhani anatuonea huruma tu kwa kuwa tumetoka kusukumana kwenye daladala. Kumbe nyuma ya maneno hayo ipo historia ndefu, na juma hili napenda tuizungumze.

Mwaka 1733, kasisi mmoja wa Kiingereza, Stephen Hales, alichapisha habari za jaribio lake la ajabu. Aliingiza mrija wa shaba katika mshipa wa farasi jike, akauunganisha na mrija mrefu wa kioo uliosimama wima. Damu ikapanda zaidi ya futi 8! Hivyo ndivyo walimwengu walivyojua kwamba nguvu inayosukuma damu inaweza kupimwa.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1847, Mjerumani Carl Ludwig alitangaza chombo kilichoandika presha chenyewe, kwa kuchora mstari juu ya karatasi iliyozunguka. Mstari huo ulipanda na kushuka kwa kila pigo la moyo, kama ilivyotarajiwa. Lakini ndani yake yalionekana mawimbi mengine, mapana na ya polepole, yaliyofuatana na pumzi.

Je, ilikuwa ni kifua tu kinachoubana moyo? Ludwig Traube mwaka 1865, na Ewald Hering mwaka 1869, walichunguza wanyama waliolegezwa misuli kwa dawa. Vifua havikusogea, lakini mawimbi yaliendelea. Basi amri ilikuwa ikitoka kwingine. Na tangu mwaka 1812 Mfaransa Legallois alikwisha kuonyesha mahali inapotoka amri ya kupumua: sehemu ya chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Sehemu hiyo hiyo ndiyo inayosimamia pia ukubwa wa mishipa ya damu. Kwa lugha ya mitaani, pumzi na presha wamepanga nyumba moja, na ukuta kati yao ni mwembamba.

Mwaka 1932, Edgar Adrian wa Uingereza, pamoja na Bronk na Phillips, walisikiliza kwa vyombo vya umeme neva zinazokaza mishipa ya damu. Walikuta zinatoa ishara kwa mafungu, na mafungu hayo yalikwenda sambamba na mapigo ya moyo na pumzi. Naye Mbelgiji Corneille Heymans alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1938 kwa kuonyesha kwamba shingoni na karibu na moyo vimo vipokezi vinavyopeleka habari ubongoni. Kimojawapo ni kijinundu kidogo kama punje ya mchele, kinachoonja hewa iliyomo katika damu. Oksijeni ikipungua, kijinundu hicho hupiga kelele. Ubongo huongeza pumzi, na papo hapo hukaza mishipa.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo penye kisa. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza panya wa ukoo wenye presha ya kurithi waliona kwamba kamba hiyo ya pumzi na neva ilikuwa imekazwa kupita kiasi tangu panya wakiwa wachanga, presha yenyewe ikiwa bado haijapanda. Panya si binadamu, lakini swali limebaki mezani: kwa baadhi ya wagonjwa, je, ugonjwa huanzia ubongoni kabla haujafika kwenye mishipa?

Kwa binadamu tunao ushahidi ulio karibu zaidi, nao uko kitandani. Yuko mtu anayekoroma, halafu ghafla ananyamaza, pumzi imekatika, kisha anashtuka kwa kishindo. Nyumbani tunamcheka. Lakini kila pumzi inapokatika, oksijeni hupungua, kijinundu cha shingoni hulalamika, na presha hupanda. Usiku baada ya usiku, presha hiyo huzoea kubaki juu hata mchana. Mke au mume anayelala pembeni ndiye shahidi wa kwanza, na daktari anahitaji kuusikia ushahidi wake.

Asije mtu akasema nimewaambia muache vidonge na kuvuta pumzi tu. La hasha! Kupumua polepole huweza kuishusha presha kidogo kwa baadhi ya watu, lakini dawa ya daktari haina mbadala wa kujibunia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajijui. Ugonjwa huu haubishi hodi.

Basi siku muuguzi atakapokuambia ukae na upumue, mtii. Na akikuuliza unalalaje usiku, usione haya kumwambia ukweli.

Hadi juma lijalo, nawatakieni afya njema.