Bendi za Tabora, kanda za wengine

Kijana wa Ipuli, Manispaa ya Tabora, akitaka kurekodi wimbo leo hahitaji nauli ya treni. Chumba cha kupanga, kompyuta, kipaza sauti, trei za mayai ukutani za kupunguza mwangwi na prodyuza wa mtaani wa kumpigia biti vinamtosha. Jioni wimbo uko kwenye simu za rafiki zake. Wanamuziki waliomtangulia mjini humo walikuwa na kila kitu isipokuwa chumba hicho.

Tabora ilipata muziki kwa kuwa njia panda. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo walitembea wakiimba. Reli ya Kati ilifika mwaka 1912, ikaingia Kigoma 1914, na mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika. Gitaa na rumba ya Kongo vikakutana hapo na ngoma ya manyanga. Kiko Kids ya Salum Zahoro ikavuma, na mji ukawa pia na Nyanyembe Jazz, pamoja na Tabora Jazz yenye mtindo wa Segere Matata. Hata Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959, ilikuwa na mizizi huko: mwasisi wake, Iddi Nhende, alitoka Nzega, na jina la bendi lilitokana na Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake makuu yalikuwa Tabora.

Bendi nyingi za enzi hizo zilikuwa vyama, zenye wanachama na viongozi wao. Mtunzi alileta maneno, mpiga solo akatafuta pa kuingilia, besi na rithim zikashika njia, na wimbo ukanolewa ukumbini mbele ya wachezaji. Hadi hapo wenye wimbo ndio walioamua.

Mambo yalibadilika siku ya kurekodi. Studio ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa treni. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja. Tumba ikiteleza mwishoni, wote walianza upya. Wimbo ulisikika nchi nzima, kama ilivyokuwa kwa “Dada Asha” wa Shem Karenga na Tabora Jazz. Bendi ilirudi na sifa zilizojaza kumbi, na kanda ikabaki kwenye maktaba ya redio. Santuri nazo zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 mlango huo nao ukabanwa.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua redio binafsi, na studio za kompyuta zikachipuka Dar es Salaam. Vijana wa bongofleva wakawa huru kuchagua biti na maneno, lakini kaseti zilipita kwa wasambazaji wa Kariakoo. Msanii alipokea fedha ya mkupuo, akakabidhi masta, akarudi nyumbani kusikia wimbo wake ukiuzwa kila kona.

Hata mwenye uhuru wote studioni huweza kumtegemea mwingine sokoni. Mwaka 2003, huko Japani, mwimbaji Shiina Ringo alitoa albamu yake ya tatu, “Kalk Samen Kuri no Hana”, ambayo alishika mwenyewe usukani wa utayarishaji. Ina dakika 44 na sekunde 44, na majina ya nyimbo yamepangwa ili nusu ya kwanza ifanane na ya pili kama kitu na kivuli chake kwenye maji. Hata hivyo iliyoiingiza sokoni ni kampuni kubwa, Toshiba EMI. Kuamua wimbo usikike vipi ni jambo moja, na kuufikisha kwa msikilizaji ni jambo jingine.

Ipuli sasa imepata la kwanza. La pili linaanzia kwenye karatasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini, lakini makubaliano mengi ya studio za mitaani bado ni ya mdomo: prodyuza anabaki na faili kamili, mwimbaji anaondoka na nakala ya simu. Wimbo ukivuma, ugomvi huanzia hapo. Kabla ya kulipia biti, kijana aandikiane na prodyuza nani mwenye faili na nani atapata mgao gani. Asipofanya hivyo, atakuwa amefupisha safari ya Tabora Jazz tu, na kanda itabaki kwa mwingine kama zamani.