Bibi wa Edinburgh na Amana ya Bahari

Mwezi wa Agosti, 1887, katika mji wa Edinburgh, huko Scotland, alifariki bibi mmoja mashuhuri kiasi kwamba gazeti la The Scotsman lilichapisha taazia yake. Hakuacha nyumba wala fedha. Aliacha watoto kwa mamia, na katika maisha yake yote hakuwahi kuwa na macho, wala mfupa, wala ubongo. Bibi huyo alikuwa anemoni.

Pengine wako wanaojiuliza anemoni ni kitu gani. Waliokulia pwani wamekwisha kumwona, ijapokuwa huenda hawakumtilia maanani. Maji yakipwa, humwona amejishikiza kwenye jiwe kama ua laini, mwenye vidole vingi vinavyocheza na maji. Ukimgusa hujikunja. Yeye si mmea, ni mnyama; ni jamaa wa matumbawe na wa konyeza, na vidole vyake vina sumu ya kuwashia mawindo.

Siku hizi wako watu wengi, hasa Ulaya, Marekani na Asia, wanaofuga anemoni majumbani mwao katika matangi ya vioo, pamoja na matumbawe yaliyo hai. Wana taa za nguvu, pampu, vipima joto na vyombo vya kuchuja maji. Hata hivyo, anemoni wengi wanaonunuliwa dukani hawadumu. Basi leo nataka tuulize swali moja: ilikuwaje bibi yule wa Edinburgh akaishi miaka 59 ndani ya chombo cha kioo, pasipo umeme wala pampu?

Aliyemtoa baharini ni Sir John Dalyell, mtaalamu wa viumbe, mwaka 1828, kwenye mawe ya North Berwick. Alimkisia kuwa na umri wa miaka saba hivi. Alimweka peke yake katika chombo kidogo, akambadilishia maji ya bahari mara kwa mara, na akamlisha kwa kiasi. Dalyell alipofariki mwaka 1851, mnyama yule hakutupwa. Alikabidhiwa Profesa John Fleming. Naye alipokufa, akapokewa na Daktari M'Bain. Na baada ya huyo akaangaliwa na wasimamizi wa Bustani ya Mimea ya Edinburgh. Watu wakamwita Granny, yaani Bibi, na wageni waliokuja kumtazama walitia sahihi katika kitabu chake. Usiku mmoja wa mwaka 1857, baada ya kukaa muda mrefu bila kuzaa, alizaa watoto 230. Katika uzee wake posho yake ilikuwa nusu ya kome mmoja kila majuma mawili.

Zingatia mambo hayo, msikilizaji: maji safi, chakula kidogo, mahali pasipo bughudha, na mikono iliyopokezana kazi bila kuchoka. Wafugaji wake walikufa mmoja baada ya mwingine, naye yu hai. Bibi yule hakuwa pambo la mtu. Alikuwa amana.

Wakati huohuo huko London, Bibi Anna Thynne alikuwa akijaribu jambo lililo gumu zaidi. Mwaka 1846, akiwa Torquay kwenye pwani ya Uingereza, alivutiwa na matumbawe madogo ya huko, akayachukua hadi nyumbani kwake, mbali na bahari. Maji ya kubadilisha yalipokuwa shida kupatikana, aligundua kwamba maji yaleyale hupata uhai tena yakimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi. Kazi hiyo ilichukua nusu saa na zaidi kila siku, na aliyeifanya zaidi ni mtumishi wake wa kike. Jina la mtumishi huyo halitajwi sana, lakini ukitaka kujua pampu ya kwanza ya tangi la matumbawe ilikuwa nini, ilikuwa mikono yake. Mwaka 1847 Bibi Thynne akaongeza mwani juu ya vipande vya mawe, nao ukasaidia kuyapa maji hewa. Matumbawe yake yaliishi karibu miaka mitatu.

Kisha ukaja wakati wa pupa. Mwaka 1845 serikali ya Uingereza ilikuwa imefuta kodi ya vioo, na reli zilikuwa zikifika pwani. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake juu ya tangi la viumbe wa bahari. Watu walikinunua kwa wingi, wakashuka ufukweni na ndoo na patasi. Kila sebule ilitaka anemoni wake. Wengi wa viumbe hao walikufa baada ya siku chache, maji yakanuka, na watu wakarudi kuchukua wengine. Bandu bandu huisha gogo. Edmund Gosse, mtoto wa Philip, aliandika mwaka 1907 kwa huzuni kwamba mabwawa ya mawe aliyoyajua utotoni yalikuwa yameporwa uzuri wake. Baba yake alitaka watu waipende bahari. Wakaipenda kwa namna ya kuibomoa.

Anemoni wa bahari za baridi, kama yule Bibi, ni mvumilivu. Wale wa bahari zetu za joto, ambao ndio wanaotafutwa sana leo, wana siri nyingine. Mwaka 1881 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Brandt, aliwapa jina viumbe vidogo vya rangi ya manjano vinavyoishi ndani ya miili ya anemoni na wanyama wengine wa baharini. Ni aina ya mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani huo hupokea mwanga, hutengeneza chakula, na kumgawia mwenyeji wake. Kwa hiyo anemoni wa bahari ya joto akiwekwa gizani huweza kudhoofika polepole. Anemoni mweupe pe dukani, ambaye mnunuzi humwona kuwa mzuri kuliko wenzake, mara nyingi ni mgonjwa aliyepoteza mwani wake.

Fundisho la pili lilitoka Asia. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika jarida moja la Marekani jinsi alivyofuga samaki, anemoni na matumbawe kwa mwanga wa jua, mapovu ya hewa, na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado na uhai wake. Bakteria waliomo katika mawe hayo ndio waliosafisha maji. Wafugaji wa Ulaya walichukua muda kumwelewa, lakini kufikia miaka ya 1980, hasa huko Ujerumani, mawe hai pamoja na taa kali na vyombo vya kutoa uchafu kwa povu vilikuwa vimeyawezesha matumbawe kukua mbali na bahari.

Hapo ndipo lilipozuka tatizo la ujirani. Bibi wa Edinburgh aliishi peke yake. Matumbawe ya Bibi Thynne nayo yalikuwa na nyumba yao. Ukiwaweka anemoni na matumbawe katika tangi moja, umemweka anayeweza kutembea pamoja na asiyeweza kukimbia. Anemoni asiporidhika na mwanga au mkondo wa maji hung'oa mguu wake akahama, na kila tumbawe analolipitia hulichoma. Safari yake ikimfikisha kwenye pampu, hukatwakatwa, na mwili wake unaooza huweza kuua tangi zima kwa usiku mmoja.

Wafugaji wazoefu wamejifunza hayo kwa hasara nyingi, na kanuni zao ni chache. Tangi likae miezi sita, na afadhali mwaka, kabla ya kumtia anemoni, ili maji yatulie. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27, na chumvi iwe kama ya bahari, yaani gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji. Kila mdomo wa pampu ufunikwe kwa wavu au sifongo. Anemoni atangulie kuingia. Akishajichagulia ufa wake na kutulia, ndipo matumbawe yapangwe mbali naye, ukikumbuka kwamba atanenepa. Asibanduliwe kwa kisu, maana mguu ukichanika kupona ni bahati. Na asilishwe kupita kiasi. Ukizitazama kanuni hizi utaona kwamba karibu zote ni subira iliyovaa nguo za ufundi. Mitambo imeongezeka tangu 1828. Kilichopungua ni muda ambao mtu yuko tayari kungoja.

Jambo hili linatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Anemoni wa bahari ya joto wamo katika miamba yetu, pamoja na wale samaki wadogo wenye mistari ambao sumu ya anemoni haiwadhuru, wala mbali naye hawana kimbilio. Nchini Kenya wako wavuvi ambao kwa miaka mingi wamepata riziki kwa kukamata samaki wa mapambo na kuwauza ng'ambo. Siwalaumu, mtu hula alipo. Lakini mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yakageuka meupe na kufa. Joto hilo limerudi mwaka 2016, na tena 2024. Anemoni naye hupoteza mwani wake katika joto kama hilo. Mwamba uliojeruhiwa hivyo hauwezi kulipa deni la kila tangi linalotaka kujaribu bahati.

Njia nyingine iko. Wale samaki wenye mistari wamezalishwa matangini tangu miaka ya 1970, na iko aina ya anemoni inayojigawa yenyewe mara mbili, hata mfugaji mmoja akaweza kumgawia mwenzake bila mtu kugusa mwamba. Atakaye kufuga na aanzie hapo.

Na kabla hajafungua mfuko wake kulipa, ajiulize swali ambalo Dalyell alijibu kwa vitendo: nikifa mimi, nani atambadilishia maji? Mnyama huyu hazeeki upesi kama sisi. Asiye na jibu na amwache baharini, ambako amekwisha kupata mlezi.